Jibu la Adela

Hapo zamani, tena si zamani sana, maana redio zilikuwapo na betri zake zikianikwa juani, Bi Kidawa na binti zake watatu walisuka ukili wa mikeka kila alasiri. Mmoja aliwasomea wenzake kitabu, na fungu lake la ukili wakamsukia waliobaki. Msomaji alikuwa Raya, mkubwa. Mashavu, mdogo, alisoma vizuri kuliko wote, lakini vidole vyake vilikuwa vyepesi mno kuachwa vishike kitabu.

Kitabu chenyewe kilikuwa riwaya ya ndugu wa kike wanaokua pamoja, jalada limekwisha kwa kupendwa. Mashavu alimpenda Adela, yule mbishi aliyetaka kusoma. Walipofika pale Adela anapoposwa, Raya akasoma: "Adela akainamisha kichwa, akakubali." Bi Kidawa akapiga kigelegele.

Wiki ile ile ikaja posa ya Hamadi. Mashavu alikwisha pata nafasi chuo cha ualimu. Akawaza: ikiwa Adela kakubali, na ukaidi wake wote ule, mimi nani? Akaitika. Chuo akakiacha.

Harusi ikikaribia, Raya akaugua macho. Majirani waliokuja kusaidia mkeka wa bibi harusi wakataka wasomewe posa ya Adela, na Mashavu akakabidhiwa kitabu.

"Adela akasema hapana," akasoma, "akapanda treni kwenda kusoma."

Akaurudia mstari ule kwa macho, kidole kikiufuata neno kwa neno.

"Endelea, bibi harusi," jirani mmoja akamtania. "Au treni imekuacha?"

Majirani walipotoka, Mashavu aliuliza, bila kupandisha sauti, nani aliyemwibia Adela jibu lake.

"Mimi ndiye niliyemwambia Raya asome vile," alisema Bi Kidawa. "Hamadi kijana mwema. Niliogopa kitabu kitakuponza."

"Mimi nilitumwa," alisema Raya. "Ningemkatalia mama?"

Nuru, wa kati, hakuacha kusuka. "Mimi nilikisoma shuleni, nikajua, nikanyamaza. Lakini mdogo wangu, nani anaolewa kwa kufuata kitabu? Na macho unayo. Ungekifungua mwenyewe."

"Kwa mkono upi, da Nuru? Mikono yangu ilikuwa inasuka fungu la Raya, ili Raya apate nafasi ya kunidanganya."

Hapo hata Nuru akaacha kusuka.

"Siolewi," akasema Mashavu.

Basi neno limeshatoka, na lazima lifikishwe leo, maana kwa kina Hamadi sufuria zimeshaazimwa. Desturi ya kwao, posa huvunjwa na mtu mmoja wa nyumba ile, mlangoni, mchana, majirani wote wakisikia. Na aibu hiyo huwa yake maisha. Hamadi hana kosa lolote.

Bi Kidawa aliamuru. Raya alisoma. Nuru alijua. Mashavu mwenyewe ndiye aliyeitika. Na msijibu kwamba waende wote, maana mlango wa kina Hamadi humpokea mmoja tu.

Haya, semeni: nani akabishe hodi?