Picha ya Mama Mkwe

Fundi wa picha alimpenda mkewe kama mboni ya jicho, na jambo moja lilimkereketa rohoni: mkewe hakuwahi kuuona uso wa mama yake mzazi. Mama huyo alifariki siku aliyomzaa, wala hakuacha picha yoyote. Sasa mke mwenyewe alikuwa mja mzito, na kila akijitazama kiooni aliuliza, "Sijui mtoto huyu atafanana na nani kwetu."

Ndipo fundi alipomwita studioni mama mdogo wa mkewe, akamketisha mbele ya kompyuta yenye programu ya akili unde inayochora picha kutokana na maneno. Mama mdogo alieleza sura ya marehemu dada yake, naye fundi akaandika: uso wa duara, macho ya kusinzia, mwanya, kidoti shavuni.

"Kitufe hiki cha kutelezesha," fundi alimweleza, "ndicho kinachoiamuru mashine ishike maneno yetu kwa kiasi gani. Nakisukuma mpaka mwisho, lisipotee hata neno!"

Picha ilipotokea, mama mdogo alijifunika macho. Mwanya ulikuwa mpana kama mlango, kidoti kama kokoto, na ngozi iling'aa kama sufuria mpya.

"Mkwe wangu, kila nilichosema kipo," alisema, "ila dada hayupo."

Fundi alinywea. Kwa hamaki akakirudisha kitufe chini kabisa. Akatokea mrembo asiye na mwanya, wala kidoti, wala undugu na mama mdogo.

"Na huyu bibi harusi katokea wapi?"

Wakaangua kicheko, na kicheko kikamtuliza fundi. Safari hii alikipandisha kitufe kidogo kidogo, akiutazama zaidi uso wa mama mdogo kuliko kompyuta. Ghafla mama huyo akamshika mkono.

"Hapo hapo! Usiguse tena."

Kidoti kilikuwa hafifu. Fundi alitamani kuongeza chembe tu, lakini akajizuia, akaenda kumwita mkewe.

Mke alisimama mlangoni kama aliyegandishwa. "Ndiye?"

"Si yeye hasa, mwanangu," mama mdogo akajibu. "Lakini huyu angepita barabarani, ningemkimbilia."

Mke alivuta kiti, akakaa karibu na picha, machozi yakimlengalenga. "Shikamoo, mama," akanong'ona.

Fundi alikitazama kile kitufe bila kukigusa, akijua jinsi pupa ilivyokaribia kumnyima mkewe salamu ile. Ama kweli, ngoma ikivuma sana hupasuka.