Kinyozi Aliyejitandazia Karata

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Maana yake ni kwamba mtu aweza kuwa bingwa wa kuwatengenezea wenzake mambo, lakini yakimfika yeye mwenyewe mkono hutetemeka na jicho humdanganya. Wapo wanaodhani kwamba hilo ni fumbo tu, na kwamba vinyozi wenyewe hujinyoa bila taabu. Hao hawakumjua Makini.

Makini alikuwa na duka la kunyolea lenye kiti kimoja cha kuzunguka, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na benchi ambalo halikukosa mtu hata siku ambazo hakuna aliyetaka kunyolewa. Jina hilo alilipata kwa maneno yake mwenyewe, kwani kila aliyekalia kiti chake aliambiwa, "Tulia, uko kwa mtu makini." Na kweli, wembe wake ulipita kooni mwa mtu kama unyoya.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la mshindani wake aliyeitwa Kipara. Kichwa chake kilimeta kama sahani iliyooshwa, isipokuwa ukingo mwembamba wa nywele juu ya masikio. Wawili hawa walinyang'anyana wateja juma zima, lakini Jumatatu, siku ambayo kazi huwa haba, waliweka silaha chini wakanyoana. Kipara alimnyoa Makini ndevu, Makini akamnyoa Kipara ule ukingo, na kila mmoja akamsimanga mwenzake kwa kazi mbovu.

Siku moja Makini alinunua kwa muuza vitabu vya mitumba pakiti ya karata ngeni. Hazikuwa za kuchezea. Zilikuwa karata za taroti, zenye picha za wafalme, minara, nyota na watu wenye panga, ambazo watu huzitandaza ili kubashiri mambo. Ndani yake mlikuwa na kijitabu cha maelezo, na Makini hakuwa mtu wa kudharau kijitabu. Alikisoma asubuhi kabla ya kufungua duka, akakisoma mchana huku akila. Alijifunza mpango wa karata tatu, ambao karata ya kwanza hueleza yaliyopita, ya pili yaliyopo, na ya tatu yajayo. Alijifunza pia mpango wa msalaba, lakini huo ulitaka meza kubwa, na rafu yake ilikuwa imejaa chupa za mafuta ya nywele. Alijua kwamba karata ikitoka kichwa chini maana yake hugeuka, na kwamba ikitoka ya Kifo si lazima mtu afe. Zaidi ya yote alikariri sharti moja ambalo kijitabu kililitilia mkazo: usirudie swali kwa sababu hukupenda jibu.

Mtu wa kwanza kutandaziwa alikuwa fundi bomba, aliyekuwa amegombana na kaka yake. Makini alipanga karata tatu juu ya taulo safi. Ya kwanza ilikuwa moyo uliochomwa panga tatu. Ya pili ilikuwa mzee aliyesimama peke yake na taa mkononi. Ya tatu ilionyesha watu wawili wakipeana vikombe.

"Mliumizana," Makini akasema taratibu. "Sasa umekaa peke yako kama huyu mzee, unajidai una mwanga. Lakini hivi vikombe viwili havitajileta. Nenda wewe. Usingoje aje."

"Mimi ndiye mdogo lakini yeye ndiye aliyekosa!" fundi akalalamika.

"Karata hazijauliza nani alikosa. Nenda."

Fundi bomba akaenda, wakapatana na kaka yake, na kabla ya jua kuchwa mtaa mzima ulikuwa na habari. Tangu siku hiyo benchi la Makini lilijaa pomoni. Wenye ndevu na wasio na ndevu, wote walikuja. Makini aliwasomea vizuri, maana kinyozi husikiliza siri za watu kutwa nzima, na aliyekwisha kuwasikiliza watu huwa hapati shida kuwashauri. Sifa zikampanda kichwani kama povu la sabuni.

Lakini huku nyumbani paa lilivuja. Lilivuja upande wa kitanda aliolalia mke wake. Mama huyo alikuwa ameomba, akakumbusha, akanung'unika, na mwisho akapanga masufuria kitandani akalala katikati yake kama kiungo cha mchuzi. Asubuhi moja baada ya mvua alisema, "Baba Watoto, leo unapanda juu ama hupandi?"

"Ngoja niulize," Makini akajibu, akachomoa karata moja. Ilikuwa Nyota, yenye picha ya mwanamke anayemimina maji kutoka mitungi miwili. Uso wake ukachangamka. "Umeona? Maji yanayomiminika ni baraka. Hii nyumba imebarikiwa, mke wangu. Tusiharakishe kuziba."

Mke wake akamwonyesha sufuria lililojaa. "Baraka hizo zinanidondokea puani," akasema. Kisha akachukua kanga zake na sufuria moja lisilokuwa na maji, akaenda kwa dada yake.

Makini aliona ni hasira za kupita. Lakini siku zilipozidi kwenda, fundi bomba alileta salamu ambazo hazikuwa za kupita. "Shemeji yako, dada ya mkeo, anahamia mji wa mbali kwa mwanawe," akasema. "Lori litakuja Jumatatu kubeba vyombo. Amemwomba mkeo waende wote, na mkeo hajakataa. Amesema nikwambie tu, basi."

"Hajakataa?"

"Hajakataa. Sasa mzee, wewe uliniambia nisingoje."

"Mambo yako yalikuwa rahisi," Makini akamjibu, lakini mkono uliomfuta mteja sabuni uliifuta pua badala ya shavu.

Mteja alipotoka, Makini alijitandazia karata akauliza kama mke wake atarudi. Ikatoka picha ya Mnara uliopigwa na radi, watu wakianguka vichwa chini. Kama angemsomea mtu mwingine, angemwambia akimbie upesi kabla nyumba haijamwangukia. "Hii ilikuwa ya kupasha mikono joto," akajiambia, akachanganya tena. Akatoka mwanamke aliyefungwa kamba, panga zimemzunguka. "Sikuchanganya vizuri." Akachanganya tena. Alichanganya asubuhi, akachanganya adhuhuri, akachanganya mteja akiwa na povu masikioni, hadi Malkia wa Vikombe alipojitokeza akiwa ametulia kwenye kiti chake. Makini akapiga paja. "Atarudi mwenyewe!" Akazifunga karata kwa kitambaa, na swali akaliona limekwisha.

Jumatatu ilipofika, alivuka barabara kama kawaida akakaa kwenye kiti cha Kipara. Kipara alimpaka sabuni akaanza shavu la kulia. Alipitisha wembe bila simango hata moja.

"Mbona leo hutukani?" Makini akauliza.

"Nafikiri. Leo lori linapakia, na wewe umekuja kunyolewa."

"Nimetandaza. Malkia wa Vikombe ametoka. Atarudi mwenyewe."

"Malkia huyo alitoka mara ya kwanza?"

Makini akakohoa. "Karata zina utaratibu wake. Wewe hukusoma."

"Sikusoma, lakini ndugu yangu, mkeo yuko mtaa wa pili! Unayauliza makaratasi habari za mtu unayeweza kumfikia kwa miguu?"

"Kipara, wewe ni mjinga wa kurithi."

"Na wewe ni mjinga wa kujisomea!"

Hapo Makini alisimama, shavu moja laini na jingine limejaa povu, akavuka barabara na taulo la mshindani wake shingoni. "Nitajinyoa mwenyewe!" alipaza sauti ili watu wa benchi wasikie.

Alisimama mbele ya kioo chake chenye ufa, akashika wembe. Mikono hiyo ilikuwa imenyoa madevu ya kila namna, hata ya watu waliosinzia na wenye kikohozi. Lakini ilizoea uso ulio mbele yake, siyo uso ulio wake. Alipotaka kwenda kushoto, kioo kilimpeleka kulia. Alipotaka kuinua kidevu, wembe nao uliinuka. Mara "Aa!" ikasikika, na tone jekundu likaingia kwenye povu. Mtu wa benchi akasema kwa upole, "Tulia, mzee, uko kwa mtu makini." Benchi likaangua kicheko.

Kipara aliingia akiwa amebeba kikombe chake cha sabuni. Hakucheka. Alichana kipande cha karatasi, akakibandika penye jeraha, kisha akanyoosha mkono. "Nipe hizo karata."

"Huwezi kuzisoma."

"Kusoma sijui, macho ninayo. Chagua tatu, uziweke. Mimi nitasema ninachokiona, basi. Na zikitoka zimetoka. Ukigusa pakiti mara ya pili nakumalizia ndevu bila maji."

Makini alichagua tatu, akazipanga juu ya rafu. Kipara akainama juu ya ile ya kwanza. Ilikuwa Nyota, ile ile.

"Namwona mama wa watu kapiga goti kwenye maji," Kipara akasema. "Vyombo viwili mkononi. Hata nguo za kujifunika hana, zimelowa zote."

"Hayo ni baraka..."

"Ni paa lako hilo! Mtaa mzima unajua." Akasogea ya pili. "Huyu mwanamume ameketi chini, amekunja mikono kifuani, amenuna. Kuna mkono unampa kikombe, naye hata hageuki kukitazama. Sijui jina la karata. Jina la mtu ninalijua."

Makini akaitazama karata. Alikijua kikombe hicho. Kilikuwa zile salamu za fundi bomba.

"Na hii ya tatu?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Huyu afadhali. Anatembea. Ana kifurushi begani na kijibwa nyuma yake, na hajali kama watu wanamcheka."

"Huyo ndiye Mpumbavu," Makini akasema kwa huzuni.

"Mpumbavu anayekwenda, ndugu yangu. Wewe ni yule aliyeketi."

Makini hakungoja maji ya kunawia. Alichukua kopo la lami ya kuzibia bati lililokaa uvunguni mwa benchi tangu mvua za zamani, akatoka mbio, taulo likipepea mgongoni. Mbwa wa mtaani, ambaye hakuwa na shughuli, akamfuata.

Lori lilikuwa limekwisha kupakiwa. Dereva alikuwa anakaza kamba, shemeji amekaa mbele, na mke wake Makini amesimama kando na furushi la kanga mikononi, hajapanda bado. Alimtazama mume wake kuanzia shavu laini mpaka shavu la povu, kisha karatasi ya kidevuni, kisha lile kopo.

"Nani amekukata?"

"Nimejikata mwenyewe."

"Nilidhani hivyo. Karata zimesema nini leo?"

Makini akalikumbatia kopo. Maneno mazuri yote aliyowahi kuwaambia wateja yalimkimbia. "Sikuzisoma mimi. Amezisoma Kipara."

"Kipara? Zikasemaje?"

"Zimesema umelowa, mke wangu, na mimi nimekaa. Nisamehe. Nimekuja na lami."

Shemeji akachungulia dirishani. "Dada, panda! Huyu atakuacha ulowe tena."

Mke alitazama lori, akatazama kopo. "Lami hiyo haijakauka humo ndani?"

Makini alifungua kopo kwa haraka kiasi kwamba nusu ilimrukia kwenye shavu lisilonyolewa. Haikuwa imekauka. Ndipo mama huyo alipocheka, akacheka mpaka furushi likamponyoka, na mbwa akalikalia.

"Shemeji, nenda salama," Makini akamwambia kwa niaba ya mke wake, kabla mke huyo hajabadili nia.

"Usinisemee," mke akasema, akamkumbatia dada yake dirishani, wakaagana kwa machozi. Kisha akamgeukia mumewe. "Unapanda juu leo, kabla ya kuoga, kabla ya kula. Mimi nitakushikia ngazi."

Makini akapanda. Mvua iliyofuata ilipiga bati usiku kucha, na sufuria lililowekwa kitandani kwa majaribio liliamka kavu.

Tangu hapo Makini aliendelea kuwatandazia watu karata, na aliwasomea vizuri kama zamani. Lakini kila alipokuwa na jambo lake mwenyewe, alilisubirisha hadi Jumatatu, akavuka barabara na pakiti mfukoni, akampa Kipara. Jambo hilo lilimvimbisha Kipara kichwa. Alinunua karata zake, akaandika mlangoni "Kunyoa na Kubashiri", na asubuhi moja akajitandazia mwenyewe kimya kimya. Alitoka akakimbilia kwa Makini, macho yamemtoka kwa furaha.

"Nimeona! Karata zimesema wazi kabisa. Kabla ya mwaka kwisha nitaota nywele!"

Makini alimkalisha kwenye kiti, akamfunga taulo, akauchukua wembe amnyoe ule ukingo. "Tulia," akasema. "Ulichanganya mara ngapi?"

Kipara akajificha uso kwa taulo, na benchi zima likajibu kwa pamoja: kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata.