Zulia la Bibi Morag

Huko Uskoti, nchi ambako wanaume huvaa sketi bila kuchekwa, Lodi Fergasi alikula njama dhidi ya mfalme, na njama ikavuja. Jemadari wa mfalme akaingia na askari wake katika ngome ya Fergasi, buti zimejaa tope.

“Bibi Morag, mumeo yuko wapi? Anayemtaja mhaini na alipo, mbele ya mashahidi, hupewa mali yake yote. Nami ngome hii nimeshaipenda.”

“Mtu yeyote?” aliuliza Morag.

“Hata mpishi. Ndiyo sheria ya mfalme.”

“Askari wako wanafaa kuwa mashahidi?”

“Wanafaa sana.”

“Basi wasikie. Mhaini ni mume wangu Fergasi, na yuko Ufaransa tangu juzi.”

Jemadari aliwageukia askari wake; wote walikuwa wamesikia.

“Sasa vua buti, Bwana Jemadari,” alisema Morag. “Umekanyaga zulia langu.”