Mguu wa Tatu Si Pambo

Mguu wa tatu si pambo. Babu yenu akiisikia hutazama pembeni, mimi nikacheka, nanyi mnaniuliza nacheka nini. Haya, kaeni. Methali hii ilizaliwa humu humu sebuleni, siku mama yenu Namkunda alipoposwa.

Baba yenu, Mbonea, alikuwa kazini Muskati. Kwao Usangi wakamtuma shangazi yake, Bi Nakiete, alete posa. Mama huyo alikuwa mkali kama pilipili kichaa. Alisema haposi kwa niaba ya mtu asiyesikika. Mbonea mwenyewe aseme mbele yetu. Basi ikaamuliwa aonekane kwenye kompyuta ya mama yenu, ile ya kukunja, yenye gamba la chuma.

Sasa, babu yenu ni seremala. Kwake kisichoingia hukatwa. Plagi ya kompyuta ilikuwa na pini tatu, na waya wetu wa kuunganishia ulikuwa na matundu mawili tu. Akachukua msumeno wa chuma, akaikata pini ya juu, plagi ikaingia. "Hii ya tatu ni pambo," akaniambia. Mimi nilikuwa napiga deki, sikumjali.

Wageni wakaja. Bi Nakiete akavua viatu mlangoni kama desturi, akakanyaga sakafu yangu yenye majimaji, akakalia kigoda. Mbonea akatokea kwenye kioo, anatabasamu. Shangazi akaivuta kompyuta amwone vizuri, mara akaiachia.

"Imeniuma," akasema.

"Kompyuta haina meno, dada," babu yenu akamjibu. Akaishika kwa mikono yote miwili. Haikumuuma. "Mnaona? Haina kitu."

Bi Nakiete akaigusa tena, ikamuuma tena. Jamani, uso ulimbadilika. "Fundi, nyumba yako inanikataa mimi peke yangu. Posa hii naondoka nayo." Akainuka kutafuta viatu vyake. Mbonea kule Muskati anaita, "Shangazi, shangazi," hakuna anayemsikiliza. Mama yenu machozi yalimlengalenga. Nami nilimpenda kijana yule kabla hajawa mkwe wangu.

Ndipo mama yenu akatazama miguu. Shangazi yuko peku. Babu yenu, mwenye nyumba, amevaa kandambili zake za raba, katoka uani hakuzivua.

"Baba," akasema taratibu, "vua kandambili, uishike tena."

"Ya nini?"

"Vua tu, baba."

Akavua. Akagusa. Loo! Babu yenu aliruka, kofia ikabaki hewani. Bi Nakiete akamtazama, mdomo ukamcheza, kisha akacheka mpaka akarudi kukaa kwenye kigoda.

Mama yenu akazima swichi ukutani, akachomoa plagi, akawaonyesha kisiki cha ile pini. "Hii ndiyo njia ya kuupeleka ardhini umeme unaovuja kwenye gamba," akasema. "Ikikatwa, umeme unapita kwa mtu, tena aliye peku sakafu ikiwa mbichi. Leo umetutekenya. Siku nyingine ungeua. Nani kaikata?"

Mimi nikautazama msumeno.

Bi Nakiete akapapasa kigoda alichokalia. "Hiki umechonga wewe, fundi?"

"Mimi."

"Kina miguu mitatu. Nikikukatia mmoja?"

"Utaanguka, dada."

"Kumbe unajua. Basi mguu wa tatu si pambo."

Tulicheka sote, hata Mbonea kule alipo. Kompyuta ikaendelea kwa betri yake, waya ukiwa kando, na kijana akasema maneno yake yote mbele ya shangazi. Posa ikapokelewa, nikapiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka. Kesho yake babu yenu mwenyewe alimwita fundi umeme, akabadilisha plagi na soketi, akachimbia chuma cha ardhi nyuma ya jiko. Mnapotundika nguo zenu pale, muwe na adabu nacho.

Sasa wewe, Kiangi, nimekuona tangu asubuhi na hiyo chaja yako ya pini tatu, unatafuta koleo. Shangazi yule angevaa viatu vyake akaenda zake, leo ningekuwa namsimulia nani? Lete koleo hapa. Mguu wa tatu si pambo.