Kodi ya Mbuzi wa Bi Sikujua

"Mwenye mbuzi si maskini! Msaada hupati, na kodi ya mbuzi utalipa," mtendaji wa kijiji alifoka.

"Na wale mbuzi wa msaada uliowafunga pale ofisini, nao watatozwa?" aliuliza Bi Sikujua, mjane aliyebaki na mbuzi mmoja mzee, asiyezaa tena.

"Wale hawatozwi, bibi. Ni wa maskini wasio na mbuzi."

"Basi, mwanangu, hela sina. Mchukue huyu awe kodi."

Mtendaji akamkokota mbuzi mpaka ofisini, huku akijisifu njia nzima. Alipogeuka afunge mlango, akamkuta Bi Sikujua amesimama hapo, kamba mkononi.

"Umefuata nini tena?"

"Nimeshakuwa maskini, mwanangu. Nipe yule mwenye mimba."