Kioo cha Damu Kilichovunjika

Wapendwa, kulikuwa na mwalimu mmoja, mama mtu mzima, aliyefundisha maadili katika chuo cha wapimaji wa maabara. Mkuu wa chuo hakulipenda somo lake. Alimwambia waziwazi, "Madam, hawa vijana kazi yao ni kupima damu na mkojo. Falsafa watasoma wakistaafu." Yule mama akamjibu, "Mkuu, anayepima damu ya mtu ameshika uhai wa mtu. Kipindi changu sikiachi." Na kweli hakukiacha, hata alipopangiwa saa nane mchana, wakati wanafunzi wameshiba ugali na macho yanawaelemea. Mnaijua hali hiyo. Wengine wenu mnayo sasa hivi.

Basi akatoa jaribio. Swali lilikuwa hili: umeharibu kipimo cha mgonjwa na hakuna aliyekuona, utafanya nini, na kwa nini? Kijana mmoja akajibu vizuri mno. Siku ya kurudisha karatasi, mwalimu akasimama mbele ya darasa akasema, "Sikilizeni mwenzenu alivyoandika."

Yule kijana akanyanyuka. "Madam, naomba usisome."

"Unaona aibu kusifiwa?"

"Hapana, Madam. Leo asubuhi kwenye mazoezi pale hospitali nilivunja kioo cha damu ya mtoto kabla sijakiweka kwenye hadubini. Mtoto alikuwa amelia sana alipochomwa kidole, na msimamizi wetu huwa anatufokea mbele ya wagonjwa. Niliogopa. Nikaandika hana malaria. Mama yake ameshaondoka naye, na mtoto alikuwa anachemka."

Mnanisikia? Huyo ndiye aliyejua jibu kuliko wote. Hebu niambieni, alikosa nini? Alikosa mafundisho?

Mwenzake wa pembeni akamnong'oneza, "Si ungenyamaza tu. Watakufukuza." Na huyo naye alikuwa amefaulu jaribio lile lile.

Mwalimu akaweka karatasi mezani. "Unajua wanakoishi?"

"Alisema wanakaa nyuma ya soko, kwa wauza mkaa."

"Twende. Na ninyi wote inukeni."

Wakatoka darasa zima, na makoti yao meupe. Getini wakakutana na mkuu wa chuo. "Mnakwenda wapi wakati wa kipindi?" Yule mama hakupunguza mwendo. Alimwambia anakwenda kufundisha.

Wakamkuta mama wa mtoto akimkanda mwanawe kwa maji ya uvuguvugu. Mwalimu akamwacha kijana aseme mwenyewe. "Mama, majibu niliyokupa ni ya uongo. Damu ya mwanao sikuipima." Mama wa mtoto alimtukana mpaka majirani wakatoka nje, na alikuwa na haki. Mtoto akarudishwa hospitali, akapimwa, malaria ikaonekana, akapata dawa, akapona. Kijana akasimamishwa masomo muhula mzima, na mwalimu hakumwombea apunguziwe adhabu.

Sasa sisi. Sisi tuliomo humu majibu tunayo. Tukiulizwa habari za ukweli, tunajibu kabla swali halijaisha. Lakini kuna mtu ametoka mikononi mwetu na majibu ya kupika. Fundi, kuna mama anapanda gari uliloapa kwamba breki zake umezitengeneza. Ndugu yangu, ulisimama barazani ukatoa ushahidi usioujua, na jirani yako leo hana shamba. Halafu umekuja hapa, umenyoosha shati, unaitikia amina kwa sauti. Inaniuma sana, kwa sababu yule mtu bado anaamini ulichomwambia.

Leo amina zenu sizitaki. Nataka mtu ainuke. Mlango ule uko wazi. Ukiniacha katikati ya mahubiri haya ukaenda kumwambia mwenzako ukweli, utakuwa umenisikia vizuri kuliko atakayebaki hapa mpaka mwisho.