Miche Isiyokuwa na Njaa

Kulikuwa na mwanamke mmoja huko juu Rungwe, kwenye baridi na mvua isiyojua kukatika, na mwanamke huyo alikuwa amechoka. Naanzia kwenye uchovu, wapendwa, kwa sababu najua wengi wenu mmeingia humu ndani asubuhi ya leo mkiwa nao. Tumwite Atuganile.

Atuganile alikuwa anaotesha miche ndani ya nyumba. Huko kwao miche michanga ikiachwa nje inaozeshwa na mvua, basi alikitoa chumba cha uani, akapigilia rafu za mbao, akafunga taa za kuoteshea, akawa anakuza nyanya na pilipili hoho kwa ajili ya akina mama wenzake wa kikundi. Kikundi kizima kilimtegemea. Mashamba yalikwisha kulimwa, matuta yamepandishwa, kilichosubiriwa ni miche ya Atuganile.

Na mlango wa pili kutoka hapo alilala mama mkwe wake. Mama huyu alikuwa amepata kiharusi, upande mmoja wa mwili haukufanya kazi tena. Mume wa Atuganile alikuwa mgodini Chunya, akirudi kwa nadra. Kwa hiyo aliyemgeuza mama kitandani ni Atuganile, aliyemlisha ni Atuganile, aliyefua mashuka ni Atuganile, na mashuka yenyewe, kwa mvua ile, hayakauki. Hakulalamika. Mama mkwe alikuwa mtu mwema na walipendana. Lakini mapenzi hayamzuii mtu kuumwa mgongo.

Msimu uliotangulia, udongo wa shambani ulikuwa umemletea mnyauko. Safari hii akaagiza makumbi ya nazi yaliyosagwa, kutoka pwani, yale wanayoyaita kokopiti. Yanakuja yamegandamizwa kama matofali. Ukiyamwagia maji yanavimba, yanakuwa laini na mepesi, mizizi inayapenda. Ila makumbi hayo mara nyingi huwa yamelowekwa kwanza kwenye maji ya bahari ili yalainike, na bahari haikosi kuacha chumvi yake. Muuzaji alimweleza kwenye simu, taratibu kabisa. Yaoshe kwa maji safi, umwage, uyaoshe tena, mpaka maji yaache kutoka na rangi ya chai. Kisha yaloweke hadi kesho yake kwenye maji yenye mbolea ya kalsiamu, ili chumvi iliyong'ang'ania iachie. Yasuuze tena, ndipo upande.

Atuganile alisikia vizuri sana. Siku ya kuyaosha, alipokuwa amemwaga maji ya kwanza tu, mama akaita kutoka chumbani. Alikuwa amejichafua. Atuganile akaenda, akamwogesha, akambadilisha, akafua, akakoroga uji, akamlisha kijiko kwa kijiko. Aliporudi uani bomba lilikuwa halitoi maji tena. Akayatazama yale makumbi, yamevimba, yanapendeza kwa macho. Akasema moyoni, yatatosha. Akapanda.

Nani kati yetu hajawahi kusema hivyo, yatatosha?

Miche ikaota. Ikatoa majani yake ya kwanza, halafu ikaduwaa. Ncha za majani zikaungua kana kwamba kuna mtu kazigusisha moto. Majani yaliyobaki yakawa njano, yakajikunja. Atuganile akasema ina njaa, akaongeza mbolea. Hali ikawa mbaya zaidi. Akasema ni kiu, akawa anaitilia maji kidogo kidogo kwa kikombe, maji yasiyofika hata kutoka chini. Akasema ni giza, akashusha taa. Akasema ni wadudu, akapuliza dawa. Kila miche ilipoinamisha kichwa, yeye aliipa kitu. Alikuwa akimaliza kumlisha mama anakimbilia kwenye miche, akitoka kwenye miche anakimbilia kwa mama, na yeye mwenyewe mara nyingine hakumbuki kama amekula.

Mtu kama huyo ungemwambia nini? Ajitahidi zaidi? Wapendwa, yule mwanamke alikuwa anajitahidi kuliko wote tuliomo humu. Miche ilikuwa inakufa kwa juhudi zake.

Sasa, mume wake alikuwa na dada, Subilaga, anayeishi Mbeya mjini. Wifi huyu alikuwa na gari lake, kazi nzuri, na nyuma ya nyumba alikuwa analima stroberi kwenye makumbi hayohayo. Kila mwisho wa mwezi alikuja kumwona mama yake. Alikuja na sukari, mafuta ya kupikia, sabuni, pengine na kanga mpya. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akalia kidogo, akaomba, akamwelekeza Atuganile namna ya kumkanda mama mguu, akaondoka. Hakuwa mtu mbaya. Nataka mlielewe hilo.

Siku hiyo alipofika, alimkuta Atuganile ameketi sakafuni katika chumba cha miche, ameegemea ukuta, ametulia kama mtu anayesubiri gari lililokwisha kupita. Subilaga akaitazama miche. Akachukua trei moja, akaimiminia maji mengi, akangoja yatoke chini. Akachovya kidole kwenye yale maji, akaweka ulimini, akatema.

“Wifi, hii miche haina njaa,” akasema. “Imekalia chumvi. Na mbolea yote uliyoongeza ni chumvi juu ya chumvi.”

Atuganile akamuuliza, kwa sauti ya mtu asiye na nguvu ya kubisha, “Sasa niipe nini?”

“Usiipe kitu. Hapa kuna cha kutoa, hakuna cha kuongeza.”

Mchana ule wote wakafanya kazi pamoja. Wakapandisha taa juu, wakabeba trei moja moja hadi uani, wakamimina maji safi yapite mpaka chini, wakaacha yachuruzike, wakamimina ya kalsiamu, wakaacha, wakamimina tena. Miche iliyokuwa imekwisha waliing'oa. Iliyobaki waliirudisha kwenye rafu. Atuganile alikuwa akiinua trei, anasimama kwanza, anapumua, ndipo anatembea.

Walipomaliza, Subilaga akajifuta mikono, na kwa mara ya kwanza tangu afike akamtazama wifi yake sawasawa. Aliona macho yaliyozama ndani, na shingo iliyobaki mishipa. Akamhurumia kweli. Akamwambia amekonda mno, akamuuliza safari ijayo amletee nini, vidonge vya kuongeza damu, au maziwa ya unga, au nini.

Atuganile hakuwa na mazoea ya kusema anachokitaka. Aliposema hakupandisha sauti.

“Wifi, sukari ninayo. Sabuni ninayo. Kila anayekuja hapa huniletea kitu. Hakuna aliyewahi kutoka na kitu.”

Subilaga akafungua kinywa ajibu. Majibu alikuwa nayo. Kazini hawampi ruhusa. Nyumba yake ni ya watu wengi. Mama hukaa kwa mtoto wa kiume, ndivyo ilivyo tangu zamani. Yote yalikuwa na ukweli ndani yake, lakini hakuna lililotoka, maana maneno yake mwenyewe ya mchana ule yalikuwa bado masikioni mwake.

Mama akaita kutoka chumbani. Atuganile akaanza kuinuka, ameshika ukuta. Subilaga akamwambia akae, akaenda yeye.

Kule ndani alikuta kazi asiyoijua. Alitaka kumgeuza mama, akashindwa. Alimshika vibaya, mama akaguna kwa maumivu. Akajaribu tena, shuka likajikunja chini ya mgongo. Mwisho mama yake mzazi, aliyemzaa na kumlea, akamwambia kwa upole na kwa aibu, “Mwite Atu, mwanangu. Wewe hujazoea.”

Subilaga hakumwita Atu. Alilia, safari hii si kidogo, kisha akajaribu tena mpaka akaweza.

Kesho yake gari lilirudishwa kinyumenyume mpaka mlangoni. Wakampakia mama na godoro lake. Atakaa Mbeya hadi msimu wa kupanda upite, halafu watapokezana, ndivyo walivyokubaliana na kaka yake kwa simu. Mama alilia kumwacha Atuganile, na Atuganile alilia kumwacha mama. Gari lilipoondoka, alirudi ndani, akajilaza kitandani na nguo zake za kazi, akalala. Jirani alipopita kumsalimu alidhani anaumwa. Alikuwa amelala tu. Miche iliyopona ilichelewa, na haikuwa yote, lakini ilifika kwenye matuta.

Basi, sisi je?

Asitoke mtu hapa akasema mchungaji amemwita mama mkwe chumvi. Mama si chumvi. Chumvi ni kuachiwa peke yako mzigo uliokuwa wa watu wengi. Na tulioacha ni sisi, tuliokuja na vikapu.

Maana sisi ni watu wa kutoa, kwa hilo hatusemwi. Mtu akiinama, tunamwongezea. Tunamwongezea ushauri. Tunamwongezea mfungo wa maombi. Mama mmoja amekosa kwaya kwa sababu ya mgonjwa nyumbani, tunasema amepoa kiroho, tunamchagua kuwa katibu ili apate moto. Halafu tunashangaa kwa nini anazidi kuwa njano. Tunarudi tena, na kikapu kikubwa zaidi. Mpaka lini? Bwana wetu alipowaita waliolemewa, je, aliwaita awaongezee?

Na wewe uliyechoka, uliyeketi hapo nyuma karibu na mlango ili uwahi kutoka kwenda kumgeuza mtu wako, sina neno la kukuongezea leo. Pumua.

Wengine ndio ninaosema nao. Wiki hii utakwenda kumwona mtu wa namna hiyo. Kikapu umekwisha kukiandaa, nakujua. Nenda nacho. Lakini wakati wa kuaga, ukiwa umefika mlangoni, itazame mikono yako. Ukiona huna ulichobeba kutoka nyumba ile, si nguo za kufua, si zamu ya kulala na mgonjwa, si mtoto wa kukaa naye siku mbili, basi usiage.

Rudi ndani.